Yai la Mgeni

Ngogo hulia. Ukimtoa majini husimamisha miiba yake mitatu, mmoja wa mgongoni na miwili ya ubavuni, akaikaza isikunjike tena, kisha hiyo ya ubavuni huisugua kwenye maungio yake ikatoa sauti ya kukwaruza kama bawaba iliyoshika kutu. Watoto wa Ujiji wakiisikia hucheka. Mvuvi hacheki, maana ngogo aliyejikaza ndani ya jarife hatoki mpaka miiba ivunjwe au uzi ukatwe, na asubuhi ya mtu inaweza kuishia kwa samaki mmoja asiye na bei.

Bei hana kweli. Mgeni akija Kigoma anapikiwa kuhe au mgebuka, na siku ya kuaga anafungiwa dagaa. Ngogo ni mboga ya wenye nyumba wakiwa peke yao. Lakini huko Ulaya na Marekani wako watu wanaotoa fedha kumnunua na kumweka sebuleni katika tangi la kioo, wakae wamtazame. Siwalaumu. Ana mwili wa rangi ya mchanga uliojaa madoa meusi, pezi la mgongoni jeusi lenye ukingo mweupe, na sharubu za kupapasia gizani. Ziwa letu, Tanganyika, lina ngogo wa aina kadhaa; huyu ninayemsema ni yule ambaye mtaalamu Boulenger alimpa jina la kitaalamu Synodontis multipunctatus mwaka 1898. Hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Mkubwa wao hafiki sentimita 30. Kama ngogo wengine, mchana hupenda kujibana mapangoni mwa mawe, na giza likiingia hutoka kutafuta konokono.

Mambo hayo nimeyafundisha kwa miaka mingi. Asubuhi nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule za sekondari za mkoa huu, na jioni nikiwasomesha Kurani watoto wa mtaa wetu barazani. Wako waliodhani kazi hizo mbili zinagombana. Kwangu hazikuwahi kugombana, ila siku ya ngogo zilitazamana.

Huyu samaki hajui kulea. Wanaomlelea ni samaki wadogo wa mawe, jamaa wa perege, ambao watu wa Ziwa Victoria wangewaita furu, nami nitawaita hivyo hapa. Kwa furu wengi wa aina hiyo jike huatamia mdomoni. Anataga mayai machache juu ya jiwe, anageuka haraka na kuyaokota yote kwa mdomo, na dume anayatilia mbegu humo humo. Kuanzia hapo mama huyo anafunga. Kwa wiki mbili, tatu, hali chochote cha maana. Mashavu yamevimba, mwili unakonda, na kazi yake ni kuyageuzageuza mayai yapate hewa. Hata vifaranga vikishatoka kuogelea, hatari ikitokea huvifungulia mdomo vikarudi ndani. Nimekaa ufukweni na wanafunzi, maji yametulia, tukamwona mama wa namna hiyo akiwameza wanawe wote kwa kufumba na kufumbua, na darasa zima likapiga kelele.

Sasa ngogo. Ameacha saa zake za usiku, anafuata saa za mwenyeji wake. Furu wawili wanapokuwa kwenye jiwe katika shughuli yao, ngogo dume na jike huvamia katikati. Hula mayai kadhaa ya furu, na katika fujo ile ile jike la ngogo humwaga ya kwake. Mama wa furu, mwenye haraka ya kuokoa kilichobaki, anaokota kila kilicho juu ya jiwe. Mayai ya mgeni yameingia mdomoni pamoja na ya kwake. Ya mgeni huanguliwa mapema zaidi. Vitoto vya ngogo hula kiini chao, kikiisha hugeuka na kuanza kuwala watoto wa mwenye nyumba, mmoja mmoja, mle mle ndani ya mdomo wa mama yao. Mama hana habari. Anaendelea kufunga na kukonda, na mwisho wa siku hizo anafungua mdomo na kuwaachia duniani watoto ambao mara nyingi hakuna hata mmoja aliye wake. Akiona hatari, anawarudisha ndani hao hao.

Mjapani Tetsu Sato ndiye aliyeieleza tabia hii kwa wanasayansi, mwaka 1986, katika jarida la Nature. Ndege wafanyao hivyo walijulikana tangu zamani. Kekeo hutaga katika viota vya wenzake. Samaki anayeishi kwa njia hiyo tu, asiye na njia nyingine ya kuzaa, hakuwa amejulikana.

Nilipoieleza darasani, msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye jioni alikuwa pia mwanafunzi wangu wa barazani, alinyoosha mkono. Akasema, “Madam, jana umetufundisha kwamba Mungu ni Arrahmani. Sasa huyu mama kakosa nini?” Darasa likanyamaza, kisha wote wakanigeukia mimi. Nilimwambia swali lake halitoshi kwenye kipindi cha dakika arobaini, aje barazani nimweleze walichosema watu waliomtangulia, kisha achague mwenyewe.

Alikuja na daftari.

Nilianza na Charles Darwin, kwa sababu katika vitabu vya shule anaonekana kama mtu aliyeamka asubuhi moja akaamua kumkana Mungu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1860 alimwandikia barua rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo mwenye imani, akimweleza kwamba kinachomsumbua ni nyigu. Wako nyigu ambao mabuu yao hukua ndani ya kiwavi aliye hai, wakimla kutoka ndani. Darwin hakuweza kujishawishi kwamba Mungu mwenye wema na uweza wote aliwaumba kwa makusudi. Alifariki mwaka 1882, ngogo wetu hajapewa hata jina. Nafikiri angemjua angemwacha nyigu. Kiwavi anakufa akiwa chakula tu, hakutenda lolote la wema lililomletea mauti. Mama wa furu anaangamizwa kupitia kile kile kilicho bora zaidi ndani yake.

Kisha nikamweleza majibu ya Waislamu, na si jibu moja. Wanazuoni wa Kimuutazila waliona haki ni sharti katika kila tendo la Mungu, hivyo mnyama aliyeumia bila kosa lazima atafidiwa Akhera. Waashari waliwaambia kwamba Mungu hadaiwi. Vyote ni milki yake, na neno dhuluma halina mahali pa kushika. Imamu Ghazali alisema hakuna uwezekano wa ulimwengu wa ajabu na kamilifu kuliko huu uliopo, kauli iliyowafanya wanazuoni wabishane kwa karne nyingi baada yake, wengine wakiona ameubana uweza wa Mungu. Na katika hadithi za Mtume kuna ile ya Siku ya Kiyama, kondoo asiye na pembe akilipiziwa kisasi chake kwa kondoo mwenye pembe aliyempiga. Msichana aliipenda hiyo. Aliandika “kondoo” akapiga mstari chini yake.

Mimi nasema wazi ninavyoona. Jibu la fidia nalipenda kwa sababu limekubali kwamba maumivu ya samaki ni maumivu, halijifanyi halioni. Ila lina ugumu wake: ukilipa baada ya kudhulumu, umelipa, lakini ulidhulumu. Jibu la Waashari lina unyenyekevu ambao naujua katika swala, ninapoweka paji la uso chini. Nikiinuka, swali bado lipo. La Ghazali ni la mtu aliyeona mbali, nami siwezi kulisema kwa mama aliyezika mtoto, na jambo nisiloweza kulisema mbele ya kaburi sioni haki ya kulisema mbele ya tangi la samaki.

Wengi hukimbilia kisa cha Musa na yule mja wa Mungu ambaye mapokeo yanamwita Khidhri. Tunakisoma kila Ijumaa katika sura ya Pango, na kisa chenyewe kinaanza na samaki: samaki wa masurufu ya Musa na kijana wake alipoponyoka akaingia baharini, hapo ndipo walipotakiwa kukutana na mwalimu. Mwalimu akatoboa jahazi la maskini, akaua mtoto, akajenga ukuta bila ujira. Musa akashindwa kunyamaza mara zote tatu. Watu wakiulizwa juu ya mateso hukitaja kisa hiki na kuishia kwenye maneno “kuna hekima tusiyoijua.” Ni kweli. Lakini angalia: Musa aliambiwa. Kabla ya kuachana, kila tendo lilielezwa, la jahazi, la mtoto, la ukuta. Sisi wa Ujiji hakuna aliyekuja kutueleza habari ya furu. Na Musa hakulaumiwa kwa kuona vibaya mtoto anapouawa. Alikumbushwa tu kwamba aliahidi subira. Nabii aliyepiga kelele mbele ya damu ya mtoto yumo ndani ya Kitabu, tunamsoma kila wiki, na kwangu hiyo ni ruhusa ya kutosha kwa msichana wa kidato cha tatu kunyoosha mkono.

Kuhusu ngogo mwenyewe sina shida naye. Hakukalifishwa. Hana amri aliyoivunja wala hiari ya kufanya vingine. Njia ya kuzaa aliyopewa ni hiyo. Anayemwita mwizi au muuaji anamtwika joho la kadhi samaki wa watu.

Ningeishia hapo, kama si mhubiri mmoja.

Alikuwa mgeni mtaani kwetu, kijana mwenye sauti nzuri, akapewa nafasi ya mawaidha baada ya magharibi. Alikuwa ameona video ya ngogo kwenye simu. Akaisimulia vizuri kuliko nilivyokuwa nikiisimulia darasani, kisha akageuza usukani. Akasema Mwenyezi Mungu ametuwekea mazingatio ndani ya ziwa letu wenyewe: anayelea damu isiyo yake anajilelea adui, na wanawake wawe macho na watoto wa kuletewa. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia. Pembeni yangu alikaa jirani anayelea watoto wawili wa mke mwenzake aliyefariki. Aliinamisha kichwa. Wawili watatu mbele yetu walitikisa cha kwao, kukubali.

Nimekaa na mawaidha yale muda mrefu kuliko nilivyokaa na Darwin. Kosa lake si kuchukua mazingatio kwa mnyama. Kurani yenyewe inatuelekeza kwa nyuki, kwa buibui, kwa chungu aliyewaonya wenzake wasikanyagwe na jeshi la Suleimani, na inasema wanyama ni umma kama sisi. Namna ya kujifunza ndiyo inayotaka akili. Kabili alipomuua Habili hakujua afanye nini na maiti ya nduguye. Kunguru akaja akafukua ardhi, Kabili akaona, akajua kuzika. Kunguru alimfundisha kuchimba. Majuto hakufundishwa na kunguru, yalitoka kwake. Na hakuna mfasiri niliyemsoma aliyesema kwamba, kwa kuwa kunguru hula mizoga, basi nasi tule. Mnyama hutuonyesha linalowezekana. Lililo halali na lililo jema tunalitafuta kwingine, na kama tungelitafuta kwa wanyama ngogo angekuwa mwalimu wetu wa kwanza wa ulaghai, maana upande wake yeye mambo yanakwenda vizuri kabisa.

Nina sababu ya pili ya kukasirika, na ni ya kwangu. Mama yake bibi yangu alizaliwa ng'ambo, Manyema, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Alivushwa ziwa akiwa mdogo kiasi kwamba hakujua jina la kijiji chake. Sitapamba: zama zile watoto hawakuvuka kwa hiari, na wengi walivuka kwenda utumwani. Yeye aliangukia kwa mjane wa Ujiji asiyekuwa na hata tone la damu yake, akalelewa, akasomeshwa juzuu zake, akaozwa. Ukoo wetu wote wa upande wa mama umetoka mdomoni mwa mjane yule. Mhubiri alipokuwa akitaja damu ya kigeni alikuwa akinitaja mimi, na kama angegonga milango ya Ujiji kuuliza asili za watu, angejikuta amewataja wengi.

Sheria yetu, nayo, imeliona jambo hili kwa makini kuliko yeye. Haikuruhusu mtoto wa kulea afichwe asili, aitwe kwa jina la aliyemlea na kurithi kana kwamba amemzaa. Inaamuru aitwe kwa baba yake. Papo hapo imesisitiza yatima mpaka asomaye Kurani hawezi kugeuza kurasa nyingi bila kukutana naye. Yaani imefunga mlango wa udanganyifu na kuacha wazi mlango wa malezi. Ubaya uliomo katika kisa cha ngogo ni mayai kuingia kwa siri. Mtoto anayeingia ndani ya nyumba kwa jina lake, mchana, kila mtu akimjua ni wa nani, hafanani na ngogo kwa lolote. Mtume mwenyewe alinyonyeshwa na Halima wa Banu Saad, akalelewa na babu kisha na ami yake Abu Talibu. Mhubiri anayajua haya. Anayasoma kila maulidi.

Lakini nisimjibu kwa urahisi mno, kwa maana hofu yake ina msingi. Wapo waliopokea mgeni wakaibiwa. Wapo waliolea wakaja kufukuzwa nyumbani kwao na waliowalea. Mkoa wetu umepokea watu mwaka 1972, 1993, 1996, 2015, wakivuka mpaka wa Burundi na kuvuka ziwa kutoka Kongo. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996, na ukikaa sokoni Kigoma utasikia habari njema za wageni na habari mbaya pia. Kumwambia mtu aliyeumizwa kwamba dhana mbaya ni dhambi, ukaondoka, ni uvivu. Mtu huyo anauliza kitu cha haki: nitamjuaje?

Hapo ndipo samaki, kwa maana ya kunguru, ana la kutuonyesha. Mwanafunzi wangu wa zamani alinitumia makala ya watafiti wa Brno, katika Jamhuri ya Cheki, iliyotoka mwaka 2018. Waliweka ngogo pamoja na furu wa Tanganyika, na pia na furu wa maziwa mengine, ambao mababu zao hawakuwahi kumjua ngogo. Wale wa nje walivamiwa vibaya sana, na yai la mgeni likishaingia mdomoni mara nyingi hawakujua kulitoa. Wa Tanganyika, waliokaa na adui huyu tangu enzi na enzi, wana ujuzi: baada ya kuokota, huyatema mayai mengi ya ngogo. Na jike mzoefu, aliyewahi kukutana naye, huponyoka zaidi kuliko mgeni wa mambo. Kwa hiyo huruma ya mama inaweza kupata macho. Mhubiri angefurahi kuisoma sehemu hiyo.

Asingefurahia iliyobaki. Tahadhari ile ina gharama. Jike anayeyatema mayai ya ngogo hutema pia baadhi ya mayai yake mwenyewe, akayapoteza. Asiyeshuku kitu hupoteza watoto kwa mgeni, anayeshuku hupoteza baadhi yao kwa hofu yake. Ziwani hakuna mama ambaye halipi chochote.

Nilipofika hapo nilikumbuka nyumba ya Firauni, na tangu siku ile sijaweza kuisoma sura ya Kasas bila kumwona furu. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili waliolipa bei mbili tofauti. Firauni aliogopa mtoto mmoja. Kwa kuwa hakujua ni yupi, aliwachinja watoto wa kiume wa Waisraeli. Ndiyo tahadhari iliyokomaa ikafika mwisho wake, kama jike anayetema kila yai. Na mke wake, ambaye tunamwita Bi Asia, akaokota kutoka majini mtoto wa watu asiyemjua, akaomba asiuawe, huenda akawafaa au wakamfanya mwana. Kurani haifichi: mtoto yule aliokotwa aje awe adui wa nyumba ile na sababu ya huzuni yao. Kwa macho ya Firauni, Musa ndiye ngogo. Alilishwa mezani kwake, akakua chini ya dari lake, na mwisho wa hadithi mwenye nyumba yuko chini ya bahari. Na kuna udanganyifu pia ndani yake, wa kupendeza: mama mzazi aliletwa kama mnyonyeshaji wa kukodiwa, akamnyonyesha mwanawe mwenyewe.

Ikiwa matokeo ndiyo mizani, Bi Asia alikuwa mjinga na Firauni alikuwa na akili, kwani hofu yake ilikuwa ya kweli. Adui alikuwepo. Alikuwa mtoto. Alikuwa anaelea kwenye kikapu. Hata hivyo Kurani imemweka Bi Asia kuwa mfano kwa walioamini wote, wanaume kwa wanawake, na hadithi za Mtume zinamhesabu miongoni mwa wanawake bora waliowahi kuishi. Naye Firauni, aliyeona sawasawa, ametajwa tena na tena kwa laana. Sijui hoja iliyo kali zaidi ya hii dhidi ya mawaidha ya jioni ile. Huruma haikuhukumiwa kwa alichokuja kuwa mtoto. Ilihukumiwa pale ufukweni, mkono ulipozama majini.

Msichana wa kidato cha tatu sasa ni muuguzi, ana watoto. Tulipokutana mwaka juzi aliniuliza kama nimeshapata jibu la swali lake. Nilimwambia la Mungu bado niko nalo kwenye sajida, na sina haraka. La mama wa furu nimelipata kwa kiasi changu: hakukosa kitu. Alichofanya kilikuwa chema wakati anakifanya, na vifaranga vya ngogo havikuwa na uwezo wa kurudi nyuma kukigeuza kuwa ubaya. Yeye akasema hilo halimsaidii furu. Kweli halimsaidii. Linanisaidia mimi, ninayeweza kuchagua bei ya kulipa, na nimechagua: nitafungua macho kadiri ninavyoweza, nitauliza jina la mtoto na la baba yake, kisha nitafungua mlango. Nikidanganywa, nimedanganywa nikiwa upande wa Bi Asia.

Ombi langu ni kwa wanaopanda mimbari, na kwa wa makanisani pia, maana nasikia kisa hiki kimeshafika huko. Mkitaka kumhubiri ngogo, mhubirini mzima, pamoja na jike anayepoteza mayai yake kwa hofu. Mkitaka kuhubiri juu ya yatima, fungueni Kitabu mseme kilichoandikwa. Jirani yangu ana watoto wawili wa kulisha leo usiku, na mnaomwona mkimaliza mawaidha mnaweza kumpelekea unga.